Bia kwenye frigo ya labo

Mutanga Nord, Jumamosi

Bado nina hasira. Asubuhi nimefungua frigo ya labo nikakuta imejaa bia. Vichupa vyangu vya damu, utafiti wangu wote wa masta, vilikuwa dirishani, juani, tangu jana.

“Ni mi nilivitoa,” akasema Mama Divine, mkubwa wa labo, bila hata kuinua macho. “Kwetu Gihosha hakuna umeme. Bia ya kuondoa matanga nitaiweka wapi? We utachukua damu ingine.”

Ingine wapi? Barabara ya Buterere wanajeshi wameifunga, na wale akina mama wa huko walionipa damu wamekimbia. Mmoja aliniuliza kama nitamletea majibu. Nilimwambia ndiyo.

Nilitaka kumtukana. Lakini matanga ni ya Salvator, dereva wetu. Ndiye aliyenipeleka Buterere, na wakati wa kurudi aliendesha polepole kwenye mashimo ili vichupa visivunjike. Baadaye akapigwa risasi kwenye barabara ile ile. Ningesema nini? Kwamba damu yangu ni muhimu kuliko...

Jioni nimeenda matangani kwa Salvator na hasira yangu yote kifuani. Mjane wake akanishikisha bia kwa mikono miwili. Baridi kabisa.

Nikaomba ya moto, kama wengi wetu tunavyokunywa.

“Apana, mwanangu,” akasema. “Leo zote ni baridi. Ndivyo Salvator alivyopenda.”

Nimeinywa yote.