Machozi ya Arobaini

Jumatatu, 4 Agosti
Kidonge, chai, kazini. Kibaha ni ileile. Tangu tumzike mama kule Mzenga sijatoa hata chozi. Wenzangu ofisini wananitazama kama mgonjwa aliyepona haraka mno.

Jumapili, 10 Agosti
Nilikwenda Mzenga kumwona baba. Shangazi Mwanaidi alikuwa anachambua mchele, akanisema mbele ya majirani: "Mtoto wa kike humlilii mama yako? Moyo gani huo?" Ningesemaje? Kwamba ni vidonge vya sonona, huu mwaka wa pili? Wangesema nimerogwa. Nina hasira naye, na nadhani ana haki.

Jumanne, 12 Agosti
Kliniki. Nilimwambia daktari machozi hayatoki. Akasema ubongo wangu, kemikali zake zikiyumba, hupiga yowe hata kwa jambo dogo. Dawa hushusha yowe, na kwa wengine hushusha na machozi. Huzuni ipo palepale. Atanipunguzia polepole, nisiache mwenyewe.
Polepole ni lini? Arobaini ya mama ni wiki ijayo.
Nimeacha mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti
Kizunguzungu. Nikigeuza shingo, kama nimepigwa shoti kichwani. Usingizi hakuna. Jana nilimfokea mzee aliyekuja kuulizia hati yake. Alinipa pole ya msiba, maskini.

Jumatano, 20 Agosti
Nimelia. Stepla iliishiwa pini. Nililia chooni mpaka mlinzi akagonga mlango. Mama hakuwemo kabisa katika kilio kile.

Jumamosi, 23 Agosti
Hitma ilipoanza moyo ulinienda mbio, nikaanguka mkekani nikilia kwa sauti. Wanawake wakanishika. Shangazi akanifuta uso kwa kanga yake. "Lia, mwanangu. Sasa umemlilia." Alikuwa ameridhika. Mimi nilidhani nakufa. Walisoma, wakaomba dua, sikusikia hata aya moja. Siku ya mama, na nilijililia mwenyewe.

Jumapili, 31 Agosti
Nimeshaanza dawa tena. Daktari hakunigombeza, nilitamani anigombeze. Shoti zimepungua. Macho makavu.
Kule nyumbani mama peke yake ndiye aliyejua. Kila jioni alinipigia, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, anauliza: umeshameza?
Nimemeza, mama. Simu nimeiweka karibu, sijui kwa nini.