Picha ya Baba Kwenye Chupa

Sangli,
Jumapili

Kwa kaka yangu mpendwa Nilkanth,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Sharvari na mtoto hamjambo, na kwamba baridi ya Pune haijamrudishia mtoto kile kikohozi. Sisi huku tupo. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, lakini unanijua, sijawahi kuwa hodari wa kudanganya.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kaka, kila nikikupigia unaanza kunisifia vidonge unavyouza hata salamu hatujamaliza, halafu anaingia mteja na mimi ninabaki nimeshika simu. Barua huwezi kuikatiza; hii nitampa dereva wa basi la usiku akufikishie kesho asubuhi.

Baba bado anaenda kusafishwa damu kwa mashine. Zamani wakimchomoa sindano alibonyeza pamba kidogo tu, damu inakata, tunapitia chai na kurudi nyumbani. Tangu ulipomletea vidonge vya manjano mambo yamegeuka. Kwanza lilikuwa doa kwenye mkono wa shati. Kisha taulo. Wiki iliyopita damu ilipenya bandeji tukiwa ndani ya bajaji, ikachuruzika hadi kwenye ndala zake, na dereva akageuza kurudi hospitali bila hata kutuuliza. Baba akawa anamtania asiwe na shaka, kiti atakifua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeukandamiza mkono wake kwa upindo wa sari yangu.

Sasa Mama. Unakumbuka tulivyokuwa tukijikata, anatushindilia unga wa manjano kwenye kidonda na damu inakoma. Basi alipoona damu ya Baba haikomi, alifanya analolijua. Alimpaka manjano juu ya tundu la sindano, kisha akaongeza vidonge kutoka kimoja hadi vitatu, eti kama manjano ya nje yanazuia damu, ya ndani yatazuia zaidi. Kadiri damu ilivyozidi, naye alizidi kumpa.

Sista Lissy, muuguzi wa kule kwenye mashine, alimuuliza Mama kama mzee anatumia dawa nyingine yoyote. Mama akaapa kwa jina la mungu wetu Ganpati kwamba hakuna. Na hakudanganya, kaka! Katika nyumba yetu nani anayaita manjano dawa? Baba alikuwa dalali wa manjano sokoni maisha yake yote. Ndiyo yaliyotusomesha, ndiyo tuliyopakwa siku za harusi zetu. Basi wakampunguzia ile dawa wanayotia kwenye mashine ili damu isigande, na bado haikusaidia kitu.

Jumanne nilimfuata Sista kwenye korido nikamtajia vidonge. Alinikodolea macho. Akasema manjano ya kwenye dengu hayana neno, mzee ale tu, lakini hivi vidonge ni manjano yaliyokamuliwa mpaka yakawa makali, navyo vinaizuia damu kuganda, na mzee tayari anapewa dawa ya kazi hiyo hiyo. Tena figo zake hazifanyi kazi, hazina uwezo wa kutoa kinachozidi mwilini. Akaniuliza kwa ukali, “Dada, nani kamwandikia?” Nikamjibu hakuna aliyemwandikia. Jina lako sikulitaja.

Niliporudi kwenye chumba cha mashine nikaiona chupa yako kando ya kitanda cha Kusumtai, yule mwalimu mstaafu anayelala jirani na Baba. Picha ya Baba inacheka juu yake, na chini umeandika kwamba nguvu zake zote zimerudi. Mwenye picha alikuwa palepale, amefungwa kwenye mashine, amesinzia. Kusumtai akaniambia kwa furaha kwamba karibu chumba kizima wamenunua. Kama vinamfaa baba yako, mzee Bhaskarrao, alisema, yeye ni nani avikatae? Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Sista alipita kitanda kwa kitanda kuwaonya. Alhamisi Kusumtai hakuja. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na nilipouliza, kila mtu alijifanya ana shughuli.

Jana nilimweleza Baba yote. Nilidhani atashtuka. Kaka, Baba anajua. Anajua tangu sikukuu ya Diwali! Mama alipokwenda Miraj kumwona mama mdogo, Baba aliviacha vidonge kimyakimya, na damu ikakata kama zamani. Mama aliporudi, Baba akaanza tena kuvimeza. Nilimuuliza ana wazimu gani. Akanijibu taratibu, “Mwanangu, nikiacha mimi watu watauliza kwa nini. Unataka nimfanye kaka yako mwongo mbele ya Sangli nzima?” Nikamwambia afadhali kaka awe mwongo kuliko sisi kuwa yatima. Akacheka, akasema ulimi huu nimeurithi kwa bibi. Nilipomtaja Kusumtai aliacha kucheka. Lakini vidonge alivimeza, vyote vitatu, na maziwa, mbele ya macho yangu.

Nimekasirika, kaka, na ninaogopa. Nikizitupa hizi chupa, Mama ataagiza nyingine kwako. Mimi hawanisikilizi, Sista hawamsikilizi. Wewe ukimwambia aache, ataacha siku hiyo hiyo. Ondoa picha yake, zuia chupa zilizobaki, na uje umwambie kwa kinywa chako kabla hajarudi kwenye mashine Jumanne. Usimpigie. Kwenye simu atakudanganya na wewe utafurahi kudanganywa.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na wifi mpe salamu zangu. Mama anakusalimu sana na anaomba chupa mbili zaidi.

Baba naye anakusalimu. Ameona ninakuandikia, akaniita, akaniagiza nikwambie kwamba vidonge vinamfaa sana na usiwe na wasiwasi wowote. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Hemlata