Bima ya Mtu Asiye na Bosi

Burnley, 4 Februari 2018

Mwanangu Lyndsey,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko Inverness, na mgongo wa mumeo Duncan unaendeleaje na hiyo baridi yenu? Mimi sijambo, ila goti la kushoto, na hilo umeshazoea kulisikia. Nakuandikia kwa sababu simu nimeichomoa ukutani. Kwa siku wananipigia mara sita. "Mama, ulishawahi kuchukua mkopo? Tukudaie pesa zako za bima?" Jana nikamuuliza mmoja, wewe huna mama yako wa kumsumbua? Akanijibu anaye, na tayari wameshamdaia.

Lakini wamenikumbusha jambo. Nimepanda darini (usinigombeze, Sheila wa jirani alinishikia ngazi) nikashusha makaratasi ya baba yako. Yapo yote. Mkopo wa gari wa mwaka 1998, pauni elfu nne na mia mbili, na juu yake benki wamepachika pauni mia tisa na arobaini za bima, nazo zikatozwa riba kana kwamba baba yako alizitia mfukoni. Bima ya kukulipia mkopo ukiugua au ukifukuzwa kazi. Haya niambie, Clifford Ormerod angefukuzwa na nani? Alikuwa anaosha madirisha ya watu kwa ndoo yake na ngazi yake! Ajifukuze mwenyewe?

Na alipoanguka toka ngazini akiosha madirisha ya daktari wa meno, akalala wiki kumi na moja na mguu kwenye plasta, walitujibu nini? Eti aliyejiajiri halipwi mpaka biashara yake ife kabisa. Tukauza gari ili tulipe mkopo wa gari. Baba yako akamalizia miaka yake ya kazi akisukuma ngazi kwenye mkokoteni, mvua ikimpiga, mtu mzima na heshima zake.

Nami nikamwita mpumbavu. Unakumbuka, ulikuwepo. "Mpumbavu gani anajikatia bima isiyomlipa?" Nilimwambia mezani, nilimwambia hata mbele ya Sheila. Yeye anakoroga chai tu.

Sasa benki zimeamriwa kuwarudishia watu pesa za bima za namna hii, na mlango wa kudai unafungwa mwakani Agosti. Fomu inauliza mteja aliambiwa nini siku ile, na mimi sikuwepo. Baba yako alisema alihudumiwa na jamaa mmoja mwenye masharubu. Wewe ulikuwa karani kwenye tawi lilelile, unajua walivyokuwa wakiwasemesha watu. Nisaidie kuijaza. Wale wa kwenye simu siwataki, wanakula theluthi nzima kwa kazi ya kubandika stempu.

Wasalimie wote.
Mama yako, Noreen


Inverness, 21 Februari 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Duncan mgongo umemwachia, juzi kabeba kabati peke yake na sasa anajisifu. Pole sana na goti. Kamwone daktari, Mama, usisubiri likuangushe.

Hilo la bima naomba uliache. Ni miaka ishirini sasa. Watakuzungusha, watakutumia makaratasi, mwisho utapandisha presha bure. Mwezi ujao nitakutumia pauni mia tano ununue lile jiko ulilolitaka. Habari za pale kazini nimezisahau kabisa, na huyo mwenye masharubu simkumbuki.

Usipande tena darini.
Mwanao, Lyndsey


Burnley, 27 Februari 2018

Lyndsey,

Marahaba. Goti lipo.

Mia tano zako kaa nazo. Jiko langu linawaka. Nimekuomba msaada wa kuandika, sikukuomba sadaka. "Uliache!" Niliache vipi? Hawa watu walimuuzia baba yako mwavuli usiofunguka, mvua iliponyesha wakamwambia mwavuli wenyewe si wa watu kama wewe. Na pesa yake wakabaki nayo. Mtu akiiba mkate dukani anapelekwa mahakamani. Hawa wamewafanyia hivi mamilioni ya watu, na kila Krismasi wanatutumia kalenda!

Fomu nimeijaza mwenyewe. Palipouliza aliambiwa nini, nimeandika: "Mume wangu amekufa, muulizeni mfanyakazi wenu mwenye masharubu."

Mama yako


Burnley, 13 Aprili 2018

Lyndsey,

Sina salamu ndefu leo.

Benki wamejibu. Wanasema wamechunguza kwa makini, na Bwana Ormerod "alielezwa masharti yote na akachagua bima hiyo kwa hiari yake." Kwa hiari yake! Wanamwongelea maiti kama vile walikuwa naye jana. Wanasema nisiporidhika nina miezi sita ya kupeleka shauri kwa msuluhishi wa malalamiko.

Wameambatisha na nakala ya fomu ya mwaka ule. Chini kuna sahihi ya baba yako. Pembeni, palipoandikwa "aliyemhudumia mteja", kuna sahihi nyingine. Nimeivalia miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Nimeipeleka dirishani.

Ni mwandiko wako, Lyndsey. Ile L yako yenye mkia, mwalimu wako alikuwa akiilalamikia kila muhula.

Nakutumia nakala. Nijibu.

Mama yako


Burnley, 20 Mei 2018

Wiki ya tano hii. Posta ya Inverness imefungwa?

Mama yako


Inverness, 3 Juni 2018

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi mno na kuichana. Leo Duncan kaniambia nisiinuke mezani mpaka niimalize.

Hakuna mwenye masharubu, Mama. Hajawahi kuwepo. Ni mimi.

Pale tawini kulikuwa na ubao wa malengo nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Ijumaa meneja anahesabu nani kauza bima ngapi. Wa mwisho anawekewa punda wa manyoya juu ya meza yake, mkubwa, amevaa kofia, na anakaa naye wiki nzima mbele ya wateja. Wateja wanauliza, "Huyu punda wa nini?" Na wewe sharti ujibu huku unacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yule punda alikaa kwangu wiki tatu mfululizo.

Baba alikuwa anaosha madirisha ya benki kila Jumanne, unajua. Alimwona punda kupitia kioo. Wiki ya kwanza alinicheka, akanipungia kitambaa. Wiki ya tatu hakucheka. Jioni yake aliniuliza, nikamweleza, nikamwomba asikwambie maana ungekuja pale na kumchamba meneja mbele ya watu.

Wiki ile ile akaja kuomba mkopo wa gari. Akapanga foleni yangu, foleni ndefu, wakati dirisha la pembeni lilikuwa tupu. Nikamwambia kama tulivyofundishwa: "Bila bima mkopo haupiti." Uongo, Mama. Ulikuwa unapita. Nilimdanganya baba yangu mzazi nikimtazama usoni. Akaniuliza, "Lakini Lyndsey, mimi nitafukuzwa kazi na nani?" Nikamwambia inafidia hata ajali. Yale makaratasi nilikuwa sijawahi kuyasoma. Hakuna aliyekuwa akiyasoma. Akamtazama punda, akanitazama mimi, akasema, "Haya, lete kalamu." Ijumaa punda akahamia kwa msichana mwingine.

Alipoanguka nilimfuata hospitali nikalia. Nikamwambia nakwenda kukueleza. Akanikataza. "Mama yako akijua, nyumba hii haitakalika. Mwache anikasirikie mimi, nimeshamzoea." Masharubu aliyabuni palepale kitandani, akacheka mwenyewe mpaka mguu ukamuuma. Nami nikamwachia abebe. Kila ulipomwita mpumbavu nilikuwa nipo mezani natafuna. Nilipohamia huku niliwaambia nafuata kazi. Mama, nilikuwa nalikimbia lile neno.

Nimeandika maelezo ya ushahidi, nimeweka jina langu na sahihi, yamo kwenye bahasha hii. Ukiyatuma kwa msuluhishi, benki haitaweza tena kusema Baba alielezwa. Fanya utakavyo.

Nisamehe.
Mwanao, Lyndsey


Burnley, 10 Juni 2018

Lyndsey,

Hujambo utajua mwenyewe.

Tangu aanguke mpaka anakufa ni miaka kumi na mitatu. Miaka kumi na mitatu nimemwita mume wangu mpumbavu, na ninyi wawili mnatazamana tu. Mlikuwa mnakonyezana? Mlikuwa mnanicheka nikimlaani mtu wa masharubu? Nilimlaani kanisani, Lyndsey! Nilipiga magoti kwa goti hili hili bovu nikamwomba Mungu amkatie yule mtu riziki!

Mmenifanya mimi ndiye mbaya wa nyumba hii. Nani aliwaambia sihimili ukweli? Ungeniambia siku ile ningekuzaba kibao, ningekwenda benki na yule punda ningemtia mikononi mwa meneja mbele ya foleni yote, halafu ningekuja kupika chakula cha jioni. Yangekuwa yameisha siku hiyo hiyo. Badala yake amekufa nikiwa bado sijamwomba radhi, kwa sababu mimi nilijua nina haki.

Na wale, wanamwekea punda mtoto wa watu ili amuibie baba yake, halafu wanaandika "kwa hiari yake"! Sijui nianze kumkasirikia nani.

Maelezo yako nimeyaweka kabatini. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Noreen Ormerod


Inverness, 9 Septemba 2018

Mama,

Shikamoo. Najua umenikataza. Natumaini goti halijazidi. Naandika kwa sababu miezi sita ya msuluhishi inaisha tarehe 13 Oktoba, na sijui kama umetuma.

Kuna jambo linanisumbua. Duncan anasema nifute habari za punda kwenye yale maelezo. Anasema benki watalishika hilo hilo: Baba alijua bima haimfai, akaikubali kwa kunihurumia mimi, kwa hiyo alichagua kweli, na utakosa kila kitu. Nimefikiri usiku na mchana. Sizifuti, Mama. Nilishamdanganya mtu mmoja kwenye karatasi ile, inatosha. Lakini anayedai ni wewe, si mimi. Ukitaka kuzikata kwa mkasi, zikate, nami sitasema neno.

Nitupie hata mstari mmoja. Nijue tu u mzima.

Mwanao, Lyndsey


Burnley, 5 Machi 2019

Mwanangu Lyndsey,

Salamu. Mimi ni mzima, goti wanasema watalipasua mwezi wa sita. Duncan hajambo?

Nilituma tarehe 8 Oktoba, kwa rejista, na punda wake mzima bila kumkata hata sikio. Sheila aliniambia nina wazimu. Nikamwambia nimeishi na habari nusu miaka mingi, safari hii waisome yote.

Duncan wako alikisia sawasawa. Benki walimshika huyo huyo punda. Walimwandikia msuluhishi kwamba "kwa ushahidi wa familia yenyewe, mteja alikuwa na sababu zake binafsi." Nilipolisoma hilo nilivunja kikombe, na sikukusudia kukivunja.

Mwezi uliopita uamuzi ulikuja. Msuluhishi ni mwanamke, na anaandika vizuri, bila kuzungukazunguka. Anasema sababu za Bwana Ormerod ni zake na haziihusu benki. Mtu aliyejiajiri hakupaswa kuuziwa bima ile na mtu yeyote, kwa maneno yoyote, na juu ya hapo aliambiwa mkopo haupiti bila hiyo, jambo ambalo si kweli. Walipe chote pamoja na riba ya miaka yote. Wamelipa. Pauni elfu mbili, mia tisa na themanini na sita. Pamoja na hundi wameleta barua ya mistari minne, wakitupa pole kwa "usumbufu". Usumbufu! Mtu kasukuma ngazi kwenye mkokoteni mpaka mapafu yakamwisha, wao wanaita usumbufu. Nimewarudishia barua yao. Hundi sikurudisha, sijawa mjinga kiasi hicho.

Nilidhani nikishinda nitapata usingizi. Sijapata. Nimekaa jikoni na karatasi yao ya kwanza, ile ya "akachagua kwa hiari yake", na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ni kweli. Alichagua. Alipanga foleni ndefu na dirisha lingine likiwa tupu. Hakuchagua bima yao, alikuchagua wewe, na siku zote alizokuwa ananyamaza pale mezani alikuwa anakuchagua tena. Mimi nilikuwa namtazama kila siku na sikuona. Nimemwomba radhi, kwa sauti, peke yangu, hapa jikoni. Haitoshi, na haitawahi kutosha.

Kwa hiyo nina hasira na ninyi wote wawili, na mmoja wenu hayupo wa kufokewa. Umebaki wewe. Nimejaribu kukufokea kwa barua, naona haiwezekani, karatasi inaisha kabla sijafika katikati, na wewe unakaa miezi ndiyo ujibu.

Njoo Ijumaa ijayo. Duncan abaki na mgongo wake, safari hii nakutaka wewe peke yako. Nitapika pai ya nyama na viazi, kwa sababu siwezi kumfokea mtu mwenye njaa. Tiketi ya treni nimeiweka humu ndani, ni ya kuja tu. Ya kurudi tutaizungumza nikishamaliza.

Mama yako, Noreen