Vijiti vya Wageni

Jumatatu, 19 Mei 2025

Leo nimemwambia mama Odeta kwamba mtoto wake hajawa tayari kwa shule. Nimemwambia mlangoni mwa darasa, chaki mkononi. Katoka zamu ya usiku kiwanda cha samaki, hapa hapa Nyakato, macho mekundu — hata kiti sikumpa. Nikamweleza kwamba wenzake wakiimba namba yeye anakaa kimya, na nikimwita ubaoni anatazama miguu yake. Akauliza, sasa mwalimu nifanyeje? Nikasema labda akae nyumbani, arudi mwakani.

Akanishukuru! Jumamosi atampeleka kisiwani, Nansio, kwa bibi yake, akasaidie kuanika dagaa, kuliko kushinda peke yake chumbani mama anapoingia zamu ya mchana. Nikasema ni wazo zuri.

Jumanne, 20 Mei

Wageni wanakuja Alhamisi, wale waliotuletea zana za mbao mwaka jana. Mwalimu Justa, mkuu wetu, kanipa ufunguo wa kabati nipanguse vumbi. Zana zenyewe bado mpya: maumbo, shanga za kutunga, vijiti vya kuhesabia, kila kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake. Watoto wa darasa langu la awali hawajawahi kuvigusa. Nyumbani kwetu vikombe vya kauri vilikuwa hivyo hivyo, vya wageni, sisi tunanywea vya plastiki, na hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu Justa anasema vikipotea tutawajibu nini wafadhili.

Na mimi ndiye niliyetumwa semina ya zana hizo. Tukaambiwa mtoto mdogo hufikiri kwa mikono kwanza, maneno yanakuja baadaye. Nilipiga makofi. Nikarudi darasani nikaendelea kuwaimbisha.

Jumatano, 21 Mei

Nimempiga Odeta.

Wenzake walishaondoka, yeye anamsubiri mama yake. Nilikuwa nimetandaza zana mkekani, nikaenda bombani kulowesha kitambaa. Narudi — kachuchumaa katikati ya vijiti. Sikuuliza kitu. Nilimchapa kiganjani, nikasema hivi ni vya wageni. Hakulia. Akaficha mikono mgongoni.

Ndipo nikaangalia chini. Alikuwa amevipanga kama ngazi, kifupi mpaka kirefu, chini vimelingana sawasawa. Ila katikati kaacha pengo. Nikadhani kakosea, nikainama nivisogeze. Akasema taratibu, "Hapo mwenzao hayupo."

Nikahesabu. Kweli, cha saba hakipo! Mwaka mzima sikujua. Nilipokea boksi lile mimi, nikasema vimetimia, nikafunga kabati.

Huyu ndiye asiyejua namba. Kumbe hajui kuimba tu. Mama yake alipofika ningemwambia pale pale, lakini kila sentensi niliyoianza kichwani ilipitia kwenye kabati au kwenye kile kiganja nilichokichapa. Nikamtakia safari njema. Nina aibu hata ya kuandika.

Alhamisi, 22 Mei

Wageni wamekuja. Odeta hakuja.

Watoto walirukia zana kama wali wa harusi. Yakobo kajaza shanga kwenye soksi. Wawili wamegombania pembetatu mpaka mmoja kang'atwa sikio. Mgeni mmoja akasema watoto wachangamfu sana, inaonekana wamezizoea zana. Mwalimu Justa akatabasamu. Mimi pia nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Jioni nikamwomba kabati libaki wazi. "Wilhelmina," akasema, "leo umefanya vizuri, usijiharibie." Akafunga.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemdanganya Mwalimu Justa kwamba nimesahau kitambaa kabatini, akanipa ufunguo. Vijiti viko kwenye mkoba wangu, nimevifunga kwa kanga. Nikisikia mtoto wa jirani akiimba moja-mbili-tatu nafunga dirisha.

Jumamosi, 24 Mei

Niko kwa mama Odeta. Naandikia hapa hapa barazani kwao.

Nimemweleza yote: kabati, semina, pengo, kofi. Alikuwa anakunja nguo za mtoto na hakuacha kukunja. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mwalimu, wiki nzima nimemwita mwanangu mjinga kwa maneno yako." Nikasema nisamehe mama Odeta. Akasema msamaha tutauongea baadaye, meli haingoji, nimwonyeshe kwanza mwanawe akivipanga vijiti. Akiona kwa macho yake hasafiri mtu. Asipoona, wanaondoka — hawezi kumrudisha mtoto kukaa kimya kwenye darasa langu na juu ya hayo kuchapwa.

Nikavimwaga vijiti sakafuni. Odeta akaja na gauni la safari, akaniamkia vizuri tu, shikamoo mwalimu. Marahaba, nikasema, kaa, cheza, hivi leo ni vyako. Akakaa. Akaficha mikono mgongoni. Mama yake akamwambia shika basi mama, mwalimu karuhusu. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama njiani.

"Wageni wako wapi?" akauliza.

Mama yake akaingia ndani. Sasa namsikia anafunga zipu ya begi. Bajaji imeshafika, dereva kazima injini, anasubiri. Nimetoa daftari hili ili nisimkodolee mtoto macho, maana nikimwangalia anainamisha kichwa.

Nimechukua kijiti kirefu kuliko vyote nikakiweka mwanzoni, makusudi. Nikaweka kifupi pembeni yake. Halafu kirefu tena. Naandika, natazama kwa pembe ya jicho. Ameona. Amekunja uso, amejisogeza kidogo, midomo inacheza — anaviita kimoja kimoja kimyakimya. Mama yake katoka na begi, kasimama nyuma yake.

Mikono bado iko mgongoni.