Kipande cha Miadi

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi kakubali! Saluni yake itapata tovuti ya kuweka miadi, na watengenezaji ni sisi. Amechoka kuamua ugomvi wa wateja, kila mmoja anadai zamu ni yake. Bosi kampa Kopi kazi hiyo. Tunamwita Kopi kwa sababu kila mradi mpya huuanza kwa kunakili wa zamani, mzima-mzima. Safari hii kanakili wa zahanati, mteja wetu wa siku nyingi. Nikamwambia: toa humo kile kipande cha programu kinachopanga miadi, tukipe folda yake, miradi yote ikitumie. Akasema mimi napenda kupanga vyombo kuliko kupika. Haya bwana.

Jumatano, 5 Machi
Saluni iko hewani. Kopi anatembea kifua mbele. Shangazi kanitumia ujumbe wa sauti, vigelegele vitupu.

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa! Shangazi kapiga, hata salamu hakuna. "Wewe mtoto, mmewaambia nini wateja wangu?" Mwalimu mmoja kaja kusukwa huku anayumba kwa njaa. Simu yake ilimwandikia: "Mgonjwa mpendwa, fika bila kula chochote, na ulete majibu ya damu." Naye katii! Majibu hakuwa nayo, akaomba radhi. Shangazi ikabidi ampe chai kwanza, ndipo aguse kichwa.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikasikia Shangazi analia. Ndiyo kwanza amehamia jengo jipya, na watu washaanza kuuliza kama anasuka au anapasua. Bosi katoa neno: Jumatatu iwe imekaa sawa, la sivyo tovuti ifungwe. Kopi shingo imezama kwenye kola.

Jumamosi, 8 Machi
Ofisini, mimi na Kopi tu. Alitaka abadilishe maneno ya ujumbe, aende zake. Nikakataa. Tumekichomoa kipande chenyewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni — kila tukivuta, zahanati nayo inakuja! Hapa jina la daktari, pale "eleza dalili zako". Mwisho tumekubaliana: kipande cha miadi kijue nani anakuja, lini, na nani atampokea. Basi. Mambo ya ugonjwa yabaki zahanati, ya nywele yabaki saluni. Kiunzi tunachojengea tovuti kinaruhusu hivyo tangu zamani. Uvivu ulikuwa wetu.

Kopi ana mkono mwepesi wa kufuta. Nani angedhani?

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi anacheka tena. Mwalimu karudi — ameshiba, nimehakikishiwa.

Nikasema sasa zahanati nayo ihamie kwenye kipande kipya. Bosi akaruka. Zahanati ndiye mteja wetu mkubwa, na inafanya kazi. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Kopi — Kopi! — akanitetea. Nakala mbili ni makosa mawili, akasema, na kila moja litatafutwa kivyake. Bosi akakubali shingo upande. Likiharibika jambo, akasema, juu yetu.

Alhamisi, 13 Machi
Zahanati imehama! Muuguzi wa mapokezi hakuona tofauti yoyote. Sifa gani inazidi hiyo? Shule ya udereva, mteja mpya, nayo imeunganishwa kabla ya chakula cha mchana. Bosi kaguna. Kwa bosi wetu, hilo ni pambio.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika hapa hapa mezani. Shangazi kapiga: wateja wawili wamepewa kiti kimoja, saa ile ile. Walibonyeza kwa pamoja. Kosa liko kwenye kipande chetu. Kopi kalipata, karekebisha, kajaribu, limepona. Kisha akageuka.

"Nikituma hii, inabadilika saluni?"
"Ndiyo."
"Na zahanati?"
"Ndiyo."
"Na shule ya udereva?"
"Kote."

Akauondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto. Saa hizi zahanati imejaa watu. Nimecheka, lakini nimevuta kiti karibu naye. Bosi kasimama mlangoni na kikombe chake.

Kopi anasoma mstari kwa mstari, kwa sauti, kidole juu ya kioo. Mtu huyu sijawahi kumwona akisoma alichokinakili! Amefika mwisho. Namwambia tuma basi. Anasema ngoja — arudie kutoka juu, nami nisikilize vizuri.