Kabla Hujaifuta Safari ya Mama Yako

Neiafu, Vava'u,
Tonga.
11 Julai 2019

Mpendwa mpwa wangu Feleti,

Hamjambo, wewe, mkeo na mapacha? Baridi ya Auckland haijawatafuna? Sisi wazima, ila goti langu. Nyumba nayo, tangu Machi tulipomzika mama yako, imepoa. Hata jogoo anawika kama kalazimishwa.

Barua yako imefika. Unaitaka ile mashine ya gemu, uyafute yote yaliyomo, mapacha waanze gemu ya Watoro wa Zohali upya. Wewe mtoto wa dada, na kwa mila yetu mtoto wa dada hanyimwi kitu na mjomba: ukilitaka hata paa langu, nitapanda niling'oe mwenyewe. Sikatai. Vaisima jirani anasafiri Jumamosi, atakuletea. Lakini nisikilize kwanza.

Gemu hiyo nimeicheza miaka kumi na mitano, sehemu zote nne. Kimbunga kilipokuja niliishika mashine kwa meno, mikono nikamshikia ng'ombe. Muulize yeyote, ila usimuulize mke wangu. Kwenye vikao vya kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, wananiita Rubani, maana niliziteketeza meli elfu za Malkia wa Chuma peke yangu. Vaisima hunichokoza: "Rubani gani wewe, mtumbwi tu unakuzungusha kama kuku aliyekatwa kichwa!" Nami humjibu: "Mtumbwi hauna mizinga, mzee. Nipe mizinga uone."

Sasa nakwambia wewe tu. Malkia sikumshinda mimi. Aliyemshinda ni mama yako.

Wewe umekulia ng'ambo. Huku ni mwiko kaka na dada kukaa mbele ya televisheni moja. Nikienda shamba, alicheza yeye. Akienda kusuka mikeka na wenzake, niliingia mimi. Safari moja, chombo kimoja, kwa zamu, na hatukulitaja hata siku moja. Malkia alinichapa mara arobaini. Siku moja narudi na viazi vikuu vyangu, nawasha, nakuta Malkia majivu! Jioni nikala macho kwenye sahani. Akauliza kutoka jikoni, "Kaka, shamba limeendaje?" Nikajibu, "Vizuri kuliko nguvu zangu, dada." Nikamsikia anacheka kidogo. Basi.

Baada ya mazishi niliwasha mara moja. Kumbe asubuhi ile tuliyompeleka hospitali alikuwa amecheza. Chombo kimetua, kimezibwa matundu yote, mafuta yamejaa mpaka juu. Zamu yangu. Sikuweza kubonyeza kitu. Mimi, Rubani! Nikazima, nikaenda kukaa na nguruwe.

Futa, mwanangu, haki yako. Ila kwanza kaa na mapacha, mkirushe chombo hicho mpaka mafuta yaishe. Mimi siwezi. Nikiyamaliza mimi itakuwa zamu yake, na hatakuja.

Mke wangu Meleane anawasalimu, na bibi Fusi pia, ingawa siku hizi hasikii. Msalimie mkeo Ane. Mapacha usiwaambie habari ya Malkia. Hapana, waambie. Waambie aliyemshinda alikuwa bibi yao.

Mungu awafunike nyote huko mliko.

Mimi mjomba wako nikupendaye,
Sitiveni