Mlango wa Chumba cha Hazina

Nyumbani, nyuma ya soko,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua, au umeshaizoea baridi ya huko? Sisi ni wazima. Shemeji yako anakoroma kama kawaida, na kitindamimba wako uliyeniachia amerefuka mpaka sare zake nimezikunjua pindo zote.

Lile jengo la hazina ya serikali, lililofungwa tangu tukiwa wasichana, sasa ni kituo cha vijana. Kaunta wameigeuza meza ya maktaba, uani kuna useremala, na mimi nafundisha cherehani kwenye ofisi ya zamani ya mkuu wa hazina. Ungeniona na tepu yangu shingoni! Mwanao huja kila akitoka shule.

Shida ni kile chumba cha ndani walichokuwa wakiwekea fedha. Hakina dirisha wala tundu la hewa, kuta zake ni nene mno, na mlango ni wa chuma kitupu. Wamekipaka rangi, wakaweka taa na meza, wakasema ni chumba cha kujisomea. Mlango wameuacha kwa kuwa ni wa kihistoria. Ukiufunga, komeo hujiangukia lenyewe, na hufunguliwa kwa nje tu. Kwa hiyo mlango huzuiwa usijifunge kwa kipande cha ubao.

Jumanne nilimtafuta mwanao anitungie uzi sindanoni, macho yangu unayajua. Maktaba hayupo, uani hayupo. Nikaona ule ubao umewekwa kando na mlango umefungwa. Dada, nilinyanyua komeo, nikavuta mpini kwa mikono miwili. Ndani wasichana watatu, mwanao akiwemo, jasho linawatiririka, mmoja amelala juu ya kitabu. Tulimwamsha kwa shida.

"Mama mdogo, mbona unahema hivyo?" mwanao akaniuliza. "Tumefunga tu, msumeno wa huko nje unatupigia kelele."

Hawakujua hata kama komeo limewafungia! Nami nilikuwa chumba cha pili, na wangepiga mayowe nisingesikia kitu.

Nilimwendea msimamizi. Alinisikiliza vizuri, akasema atabandika tangazo kwamba ubao usiondolewe, ila mlango usiguswe, maana mgeni rasmi atapigwa picha pale siku ya ufunguzi. Tangazo likabandikwa. Alhamisi nikaukuta ubao kando tena, na mwanao yumo ndani. Nilimgombeza mpaka akalia. Kumkataza kituo siwezi, kwangu hakuna pa kusomea na mtihani umekaribia.

Basi jana, msimamizi akiwa safarini, nikamleta fundi wa kuchomelea. Alilikata lile komeo, kisha nikaingia ndani nikamwambia anifungie. Uani walikuwa wanapasua mbao, lakini sikusikia msumeno wala mtu, nilisikia pumzi zangu tu. Nikasukuma kwa bega, mlango ukafunguka, nikakaa chini nikalia.

Kesho msimamizi anarudi. Kazi sina tena, hilo najua, na huenda wakaita polisi, kwani ile ni mali ya serikali. Naogopa, dada, sikufichi. Lakini kinachoninyima usingizi si hicho. Watalirudisha lile komeo kabla ya siku ya picha, na mimi sitakuwepo chumba cha pili.

Kwa simu ungenisikia nikilia tu, ndiyo maana nimeandika, na jirani anayesafiri leo atakufikishia. Ukimaliza kusoma, mpigie mwanao. Mimi ananiona mwoga, ananicheka. Wewe ni mama yake, mwambie asiuguse ule ubao.

Wasalimie shemeji na mapacha wako. Baba anakusalimu sana, na shangazi pia. Mungu akufunike huko uliko, na huyu wetu wa huku asimwondolee macho.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Bi Tepu, kama vijana wa kituoni wanavyoniita.